Bendera Nyekundu kwa Jirani

Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, walipofukuzwa Kolwezi, kampuni ya migodi nayo ilikuwa inakufa, na baba yangu alikwenda shimoni kupiga soga tu. Kazi yake ilikuwa kupasua mwamba kwa baruti. Alikuwa mtu mfupi mwenye kikohozi kisichoisha, na nasema bila aibu kwamba sijapata kuona mwanamume jasiri kumshinda.

Jirani yetu mtaani kwetu Musonoi alikuwa mama Mkasai mwenye watoto watano. Mumewe alikuwa ametangulia gare, yaani stesheni, kuwatafutia nafasi kwenye treni. Asubuhi moja vijana walipita wakigonga mabati, wakamwambia kwamba wakimkuta kesho, watachoma nyumba. Hawakuwa wakitania. Mtaa wa pili ulikuwa umeshaungua.

Baba alisikia yote akinyoa ndevu. Alimaliza kunyoa kwanza. Kisha alisimika bendera nne nyekundu kwenye pembe za ua wa jirani, lupango kama tunavyouita, akafukia kitu mbele ya mlango, akavaa kofia yake ya kazi na kuketi langoni. Musonoi nzima ilizijua bendera hizo: chini yake kuna baruti iliyogoma kulipuka. Tulilelewa kuziogopa kuliko nyoka.

Kesho yake vijana walirudi na petroli.

«Tata, kuko nini humu?»

«Bendera munaiona,» baba alisema. «Mi niko ku kazi. Mwenye kutaka kupita, apite.»

Hakusema uongo hata neno moja, jambo alilojivunia hadi uzeeni. Vijana wakatazamana. Mkubwa wao, yule mwenye mdomo mrefu kuliko wote, akakumbuka kwamba ana shughuli kwingine.

Baba hakuondoka. Siku tatu nilimpelekea bukari, ugali wetu, palepale kwenye kiti chake, nikijiona binti wa mfalme. Ndani, mama yule alikuwa amewafungia watoto chumba cha nyuma, na hatukusikia hata mmoja akicheka.

Siku ya nne mumewe alituma habari kwamba nafasi imepatikana. Baba aling'oa bendera, akafukua. Likatoka kopo la maziwa lililojaa udongo.

Mama yule aliliokota lile kopo.

«Juu ya nini hamukutuambia, tata? Siku tatu mi niko naona batoto bangu banapasuka.»

«Mungejua, batoto bangetoka kucheza mu lupango,» baba alisema. «Bale bijana bangebaona, bangejua.»

Ilikuwa kweli, hata yeye mama aliijua. Lakini baba alivua kofia, akapiga magoti uani pale, mwanamume ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba mama yangu samahani hata mara moja. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Mama yule akamwinulia mtoto wake wa mwisho.

«Basi, mumubebe mpaka ku gare.»

Baba akambeba. Mtoto alilia njia nzima kwa kumwogopa, na baba hakumshusha.