Gurudumu Lililokataa Kupanda

Pikipiki yangu ina stendi mbili. Ile ndogo ya ubavuni unaitupa kwa ncha ya kiatu, chombo kinaegemea. Na ile kubwa ya katikati, ya miguu miwili, ukiikanyaga sawasawa huku unavuta chombo nyuma, gurudumu la nyuma linapaa, unalizungusha kwa mkono ukitia cheni mafuta. Kazi hiyo naifanya toka ujana. Skuli nilikwenda kidogo tu, lakini cheni yangu haijapata kulia.

Mwaka huu gurudumu likakataa. Nakanyaga, navuta, chombo kinapanda stendi, lakini mpira umekaa chini vilevile, hauzunguki. Hapo hapo uani kwetu, mtaa wa Mabela, huku nchi ya Kiarabu, kwenye vigae vipya alivyoweka binti yangu. Huyu ndiye tunayekaa naye, mimi na mama yake. Ana cheo wizarani, na ukimsikia kwenye simu na Kiarabu chake utadhani anamwamrisha jemadari, kumbe anaagiza samaki. Nilikuwa nasema nini? Ee, gurudumu.

Sasa, kabla ya hapo stendi ndogo iliteleza, chombo kikaniangukia mguuni. Sikuvunjika, lakini binti yangu aliona.

"Baba," akasema, "Ijumaa watu wakija kula, utaipandisha stendi kubwa peke yako, na gurudumu lizunguke. Ukishindwa, inauzwa."

"Unanitahini, mwanangu?"

"Nakutahini. Mguu wako, lakini hospitali nakupeleka mimi."

Mimi bila ya ile pikipiki ni mtu wa kungoja kupelekwa. Msikitini nipelekwe, sokoni nipelekwe, hata kunyoa. Basi nikaanza kutafuta ugonjwa. Nikapunguza upepo wa mpira, wapi! Nikatazama springi, nzima. Nikapapasa miguu ya stendi, nikaona imelika kidogo chini. Nikasema nimeupata. Nikaenda Wadi Kabir kwa fundi wa kuchomelea, mtu mpole, Kiarabu chake kibovu kuliko changu. Nikamwonyesha kwa vidole aongeze chuma kiasi gani.

"Baba, mbona kingi?" fundi akauliza.

"We tia tu."

Akatia.

Ijumaa ikafika. Tulipokwisha kula, wanaume wakatoka uani, wakwe zangu, waume wa mabinti, na wengineo, wanachokoa meno. Nikaikusanya kanzu nikaifunga kiunoni juu ya shuka, nikashika usukani. Sijavuta bado, mkwe wangu mkubwa kesharuka: "Wacha, ami!" Ndivyo wanavyoniita baba mkwe. Mwengine kashika kiti, mwengine nyuma. Kwetu mzee hainui kitu watu wazima wamesimama. Hata sinia ya kahawa nanyang'anywa mkononi. Mara chombo kiko juu, gurudumu linazunguka hewani, zuri, halina kelele. Nilifurahi, wallahi.

"Hiyo haikuhesabiwa," binti yangu akasema mlangoni. "Iteremsheni. Asiiguse mtu."

Wakaiteremsha, wakarudi ukutani, mikono nyuma, wanateseka kama wanaotazama mimi napigwa.

Nikakanyaga. Kikapanda nusu, kikarudi. Nikasema bismillahi, nikakanyaga tena, kikarudi.

"Kanyaga kwa kisigino, ami."

"Muache, anajua."

"Angekuwa anajua kingekuwa juu."

Mke wangu akatoka jikoni. "Bwana we, utapasuka! Hilo zulia ndilo linalokutelezesha." Akainama, akalivuta kutoka chini ya chombo, lile zulia letu la zamani la majlisi, chumba cha wageni, nene, limekunjwa mara nne. Alilitandika hapo ili mafuta ya cheni yasitie doa vigae.

Nikaliona lina mashimo mawili. Miguu ya stendi ilikuwa inazama mle kama uma kwenye keki, na chombo chote kinashuka nayo. Kumbe stendi haikuwa na maradhi. Mimi nimeirefusha bure, na sasa kila ilivyorefuka ndivyo inavyotaka nguvu zaidi kuinyanyua.

"Ulilitandika lini hili?" nikamuuliza.

"Zamani! Si ulinishikia ncha?"

Wakwe wakacheka, wakanyamaza haraka. Nikakanyaga tena, sasa juu ya vigae vitupu, stendi haizami tena. Hata nusu hakikufika. Nikamwambia binti yangu anipe muda, nirudi Wadi Kabir chuma kikatwe, Ijumaa ya pili nijaribu upya. Alikuwa anautazama mguu wangu, unatetemeka chini ya shuka, na mimi siwezi kuuzuia.

"Keti, baba," akasema taratibu. Angenifokea ningebishana naye.

Nikaletewa kiti, nikaketi. Wakaipandisha wao. Mkwe wangu mdogo akatoa simu, akaanza kuipiga picha za kuuzia, mbele, ubavuni, halafu akaniomba, kwa adabu sana, nisogeze kiti kidogo, kivuli changu kinaingia kwenye picha.