Bitana na Mkia wa Punda

Watu walimwita Bitana, na jina lilimkaa. Kila alichokishona fundi huyu alikitia bitana, kile kitambaa cha ndani, hata mfuko wa kubebea vitunguu. Mkewe alikuwa akimtania kwamba siku moja ataitia bitana hata leso.

Mke alipofariki aliacha mmea mmoja kibarazani, ndani ya kopo bovu la rangi: ule wa majani manene kama punje za mahindi, vishina vyake vikining'inia. Aliuita mkia wa punda. Ndicho kitu pekee cha mkewe kilichokuwa bado kinakua, na Bitana akaapa kuutunza kama mboni ya jicho.

Lile kopo akaliona aibu. Akanunua kikapu cha waya, akakishonea bitana ya koti la mvua, mishono miwili miwili, hata tone lisipenye. Akauhamishia humo, akautundika juu ya meza yake ya kukatia, akawa anaumwagilia kwa jagi kila asubuhi huku akiusalimu. Wiki ya tatu vishina vikalegea, vikawa vyeusi, majani yakapukutika mezani. Bitana aliyaokota moja moja, akayatia kwenye mkebe wa vifungo, maana moyo ulikataa kuyatupa. Alilia, na hakuona haya.

Mdogo wa marehemu alikuja kumjulia hali baada ya siku nyingi. Alikiinua kikapu, kikamlemea.

"Shemeji! Umeushonea koti la mvua? Maji yatokee wapi?"

"Kopo lilikuwa linavuja, mimi nikaziba."

"Dada alilitoboa mwenyewe kwa msumari! Na maji alitia udongo ukishakauka kabisa. Huu hautaki kubembelezwa."

Bitana akainama. Hapo ndipo alipoona blauzi ya shemeji yake imepungua kifungo, na hilo hakuweza kulivumilia hata ingekuwa siku ya msiba. Akafungua mkebe. Katikati ya vifungo, bila udongo wala tone la maji, yale majani yalikuwa yametoa mizizi myembamba kama uzi, na kila moja lina kichipukizi.

Fundi akachukua msumari, akaitoboa bitana yake nzuri, tundu baada ya tundu.

"Asante, mke wangu," alisema kwa sauti, machozi yakimlenga. "Asante sana."

"Amesikia," alijibu shemeji. "Sasa weka chini hilo jagi."