Walinipigia Makofi Nikiwa Nakufa

Mimi ndiye mtu wa kwanza ninayemjua aliyepata mshtuko wa moyo akashangiliwa.

Sitanii.

Nilikuwa nimesimama kwenye posa ya watu, shali begani, nasema kwa niaba ya upande wa kijana. Ndiyo kazi yangu hapa Fianarantsoa. Na mshenga wa kwetu Madagaska si wa kupeleka barua na kurudi. Unasimama mbele ya koo mbili, unapambana kwa maneno na mshenga wa upande wa pili, watu wote wanakupima.

Hotuba zetu huanza kwa kuomba radhi, unawaomba radhi wazee, watoto, mpaka marehemu. Nikiwa hapo hapo kwenye radhi, kifua kikanibana. Sauti ikakata. Nikapiga goti.

Watu wakadhani mbwembwe.

"Ehee! Huyo ndiye Manjato bwana!" mtu akapaza sauti. Ukumbi mzima makofi.

Mke wangu Bakoly peke yake ndiye aliyejua kuwa mimi sijawahi kumpigia mtu goti. Akapiga ukelele. Nilizindukia hospitali.

Niliporuhusiwa, nyumbani kukageuka jela. Usiinuke. Usicheke sana. Bakoly alikuwa ananishikia hata kikombe cha maji ya ukoko wa wali, kinywaji chetu cha kila siku, nisije nikachoka kukinyanyua. Namwelewa, hofu ilikuwa imemjaa. Lakini nilikuwa nadhoofu huku napendwa.

Siku moja mdogo wangu Solofo akaja na sura ya huruma.

"Kaka, ile posa ya Tojo tumeikalia kikao. Nitasema mimi."

Tojo ni mwanangu wa pekee. Tangu anazaliwa nilijua siku ya kumwombea mke nitasimama mimi mwenyewe.

"Mlikaa wapi hicho kikao?"

"Jikoni."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Umelala, kaka."

Damu ikanichemka. "Solofo, wewe ukisalimia tu watu wanasinzia. Nitasema mimi."

"Utafia pale!"

"Basi mtapiga makofi. Si mmeshazoea?"

Kesho yake nikajikokota mpaka hospitali kwa Voahirana, mtaalamu wa mazoezi tiba. Binti mwembamba, sauti ya sajenti. Nikamwambia nataka kusimama na kusema hotuba nzima bila kukata pumzi. Nikasubiri aniambie nikalale.

"Posa lini?"

"Mwezi wa saba."

"Basi tuna kazi. Simama."

Tulianza na korido ya hospitali, polepole, mkono ukutani, na yeye ananipima mapigo kila nikitua. Nilipopata nguvu akanihamishia kwenye ngazi za mawe zinazopanda mji wa juu. Kanuni yake ilikuwa rahisi: panda huku unaongea. Ukiweza kuongea, moyo unamudu. Ukianza kuvuta pumzi katikati ya sentensi, punguza mwendo. Sentensi ikikushinda kabisa, kaa chini.

"Sasa niongee nini?"

"Si wewe mshenga? Nipose."

Wee! Nikawa napanda ngazi namposa Voahirana kwa niaba ya bwana ambaye hata hayupo. Wauza mboga wakawa wananisubiri.

"Mzee Manjato, leo kakubali?"

"Bado! Ana maringo huyu!"

Mwanzoni nilikuwa nakatika kabla hata ya kumaliza radhi. Siku moja nikakaa kwenye jiwe nikalia, tena kwa hasira. Voahirana hakunibembeleza. Alinisubiri, akanipa maji, akasema, "Ukimaliza kulia, tuanze tena kwa marehemu."

Nikaanza tena. Kesho yake tena. Mpaka asubuhi moja nikafika kanisani juu kabisa na mdomo wangu bado unaenda. Nikageuka nyuma, nikamwona Bakoly. Kumbe alikuwa ananifuata kwa siri. Jioni nikamkuta anafua shali langu.

Siku ya posa ikafika. Solofo akakaa nyuma yangu kama mchezaji wa akiba. Upande wa binti, kina Mialy, walikuwa wamemleta mzee Randriatsoa, ambaye hakuna mshenga mkoa huu asiyemwogopa.

Akanitazama juu mpaka chini. "Jamani, niliambiwa nakuja kupambana na mwanamume. Mbona nimeletewa mgonjwa?"

Nyumba nzima kicheko.

Nikasimama. "Mgonjwa tumemwacha hospitali, mzee wangu. Aliyekuja ni baba yake Tojo."

Nikaomba radhi mpaka kwa marehemu, sikukata hata mara moja. Nilikuwa natamba, wala sifichi.

Ikawa zamu yake. Alianza vizuri, ananichambua kama karanga. Halafu nikasikia kitu.

Pumzi. Aliivuta mahali pasipo na kituo. Maneno machache, pumzi tena. Baridi yote ile ya mwezi wa saba, na jasho linamtiririka usoni. Akashika kifua, akajilazimisha kuendelea.

Watu wakaanza kupiga makofi.

Kwetu mshenga akisema hakatizwi. Ukimkatiza umeshindwa papo hapo, na posa inaweza kuvunjika. Nilijua vizuri sana. Nikamtazama mwanangu, nikasema moyoni, potelea mbali.

"Mzee, nyamaza! Kaa chini!"

Pakachafuka. "Hana adabu huyu!" Solofo akanivuta shali. "Kaka, umetuaibisha!"

Nikamdaka Randriatsoa anaserereka, nikamkalisha ukutani. "Leteni gari! Haigizi huyu!" Hawakuamini mpaka Bakoly alipopiga ukelele. Tojo akaleta gari, vijana wa upande wa binti wakaondoka na mzee mbio.

Tukasubiri mpaka simu ikaita. Yu hai. Mshtuko wa moyo, lakini kawahishwa.

Baba yake Mialy akakohoa. "Tunashukuru. Ila mila ni mila. Aliyekatiza ameshindwa."

Nikainamisha kichwa. Tojo alikuwa kama kamwagiwa maji.

Shangazi wa binti akadakia. "Kashindwa na nani? Wa kwetu si kapelekwa hospitali? Hatuna msemaji!" Akanigeukia. "Wewe, pumzi bado zipo?"

"Zipo, mama."

"Basi tusemee na sisi."

Nikasema pande zote mbili. Naomba binti upande huu, navuka mkeka, najikatalia upande ule. Nilijikatalia kwa ukali mpaka mwanangu akaogopa kweli. Narudi, najibembeleza, navuka, najikejeli. Watu walicheka wakalia. Mwisho kabisa, kwa niaba ya kina Mialy, nikajikubalia. Bakoly akaja akanikumbatia mbele ya kadamnasi, na mimi machozi yakanitoka.

Siku ya pili ikaja salamu kutoka wodini kwa Randriatsoa: "Nimesikia ulisema kwa niaba yangu. Ulikubali upesi mno, mpumbavu wewe. Nikitoka hapa tunaanza upya."

Ndugu unayesoma hapa, kama moyo umekuangusha, madaktari wakishakuokoa kazi haijaisha. Watafute wataalamu wa mazoezi, wasikilize, anza na hatua za mtoto. Wanaokupenda watakulaza kwa nia njema kabisa. Wapende, washukuru, halafu uinuke.