Wimbo wa Namba wa Fabrice

Kwa miaka ishirini na minane nyumba ya Kalista pale Nyakahura ilikaa na kilio kisichofungwa. Mwanawe mkubwa, Fabrice, alivuka mpaka mwaka 1996 kwenda kuangalia shamba la marehemu baba yake huko Muyinga. Waliofuatana naye walirudi na habari kwamba ameuawa. Kalista hakukubali. "Maiti mliiona?" aliuliza, na tangu hapo kila aliyetaja kuganduka, ile sherehe ya kumaliza matanga, alionyeshwa mlango.

Sasa saratani ya tumbo ilikuwa inammaliza. Ndizeye, mdogo wake Fabrice, mwalimu wa hesabu, aliogopa jambo moja: mama akifa bila kutoa ruhusa, watamlilia juu ya kilio kingine, na hatabaki mwenye haki ya kukifunga.

"Nitakubali," mama alisema asubuhi moja, "ila nimsikie kwanza."

Alijua anachotaka. Kule Mbuba, walikosali zamani, parokia ilikuwa na kompyuta ndogo ya kizamani, ile ya kuchomekwa kwenye televisheni. Fabrice aliifundisha kupiga wimbo wa sauti tatu, huku mistari ya rangi ikipanda na kushuka kwenye kioo. Mashine ilikwisha kuoza. Kilichobaki ni daftari lake: kurasa kumi na moja za namba, kila namba noti yake ya muziki.

Ndizeye alikaa siku nne akiziandika upya kwenye kompyuta mpakato, kwa Python, lugha ya programu anayowafundishia wanafunzi wake. Dada yake, Speciose, alipita na beseni la nguo za mgonjwa, akachungulia.

"Mama anakata roho, wewe unapaka mistari rangi!"

"Rangi nazo alizichagua yeye."

Ukurasa wa saba ulikuwa na namba isiyolingana na nyingine. Noti yake ilikwaruza sikio. Mwalimu ni mwalimu. Akaisahihisha.

Wimbo ulipopigwa, Kalista alifumba macho, kidole kikiufuata juu ya blanketi. Ghafla kikasimama.

"Zima. Huyu si Fabrice."

"Mama, ni namba zake zilezile."

"Fabrice alikuwa anajikwaa hapo. Kila mara. Padri akimcheka, naye akisema, nitaitengeneza nikirudi."

Ndizeye alishikwa na aibu. Akafungua programu, akairudisha namba mbovu mahali pake, akaanza upya. Noti ilipofika ilikwaruza vilevile. Kalista hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, wimbo ukajirudia wenyewe, ukafika tena palepale, ukajikwaa tena.

"Hakuitengeneza," alisema.

Kisha akamgeukia binti yake.

"Speciose, pombe ya mtama ya kuganduka inachukua siku ngapi?"

"Saba, mama, tukianza kuloweka leo."

"Saba ni nyingi. Nunueni iliyoiva."