Saba Isiyozidi Sita

Baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari. Jioni alifundisha tuisheni Kariakoo, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya kaka yake. Huyo baba mkubwa alikuwa na duka la jumla la vyombo: sahani, masufuria, chupa za chai. Walitoka pamoja Kilimanjaro wakiwa vijana. Mmoja akashika biashara, mwingine akashika chaki. Stoo ilikuwa nyuma ya duka. Haikuwa na dirisha, ila matundu ya tofali karibu na dari, na baba alikuwa amepaka ukuta mmoja rangi nyeusi ukawa ubao. Sisi wa kidato cha pili tulibanana humo kwenye mabenchi, jasho likitutiririka mpaka kwenye madaftari. Mimi sikupewa nafasi ya pekee kwa kuwa mtoto wake. Nikikosea niliambiwa nimekosea, kama wenzangu.

Alikuwa na jambo moja lililomkera kuliko yote: mwanafunzi kubahatisha. "Usinirushie jibu kama unamtupia mbwa mfupa," alikuwa akisema. "Nionyeshe ulikopita."

Kwenye namba hasi ndipo wengi tulipokwama. Ng'ambo ya mtaa walikuwa wanachimba shimo la ghorofa jipya, lenye maduka ngazi mbili chini ya ardhi. Siku moja baba akatutoa wote darasani, akatupanga kwenye uzio wa mabati, tukachungulia kwa zamu kwenye upenyo. Chini kabisa mafundi walikuwa wakifunga nondo.

"Barabara tuliyosimama ni sifuri," akasema. "Yule fundi mwenye kofia ya njano yuko ngazi ya ngapi?"

"Hasi mbili, mwalimu!"

"Jengo likiisha, akipanda ngazi tano kutoka pale?"

Kila mtu akapanda kichwani mwake. Msichana wa Kihindi aliyekuwa akikaa benchi moja nami, wa kwenye maghorofa ya mtaa wa pili, ndiye aliyejibu: "Chanya tatu. Mbili za kutoka shimoni, tatu za juu." Baba akapiga kofi moja. Wapita njia walikuwa wamesimama kutushangaa, na muuza maji mmoja akauliza kama kuna mtu katumbukia.

Tulikaa Ilala, vyumba viwili vya kupanga kwenye nyumba yenye korido katikati. Mama aliuza viatu vya mitumba Mchikichini na alitoka alfajiri kuwahi kuchagua mzigo. Kwa hiyo asubuhi tulibaki mimi na baba. Alipiga viatu vyake rangi huku akiniuliza, mimi nikimimina chai huku nikijibu. Hasi saba jumlisha nne. Tatu juu ya nane, igeuze desimali. Sijui kama kuna mtoto anayependa kuulizwa desimali kabla hajanywa chai. Mimi nilipenda.

Asubuhi moja hakuniuliza kitu. Nikamkuta ameketi kitandani, shati limeingia mkono mmoja, mkono wa pili umelala pajani kama wa mtu mwingine. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Akaniangalia akasema neno ambalo halikuwa neno. Nikakimbilia kwa jirani, jirani akaita bajaji, na nusu ya njia nilikuwa nimemshika kichwa kisigonge chuma. Hospitali wakasema kiharusi.

Alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa. Mguu aliuburuta, mkono wa kulia haukuwa na nguvu, lakini maneno yalimrudia, tena yakiwa yamenyooka. Aliuliza habari za wanafunzi wake. Aliwasalimia majirani kwa majina ya watoto wao. Mama akatoa shukrani kanisani. Kulikuwa na vitu vidogo ambavyo hatukuvipa uzito: aliangalia saa ya ukutani kisha akamuuliza mama ni saa ngapi, na tukadhani ni macho. Aliniambia nizime redio, imejaa kelele, wakati ilikuwa taarifa ya habari, wanasoma takwimu za mavuno.

Alipoweza kutembea na fimbo akasema anarudi kufundisha.

"Mwalimu, subiri kwanza," mama akamwambia. Naye alimwita hivyohivyo, Mwalimu, kama watu wote.

"Nikisubiri watoto wataingia kwenye mtihani na nini?"

Nilimshika mkono mpaka Kariakoo. Darasa lilikuwa limejaa, taarifa zilikuwa zimewafikia. Tukasimama. "Shikamoo mwalimu!" Sauti zilijaa kile chumba. "Marahaba, wanangu, kaeni," akasema, na nikaona macho yake yamelowa. Akachukua chaki kwa mkono wa kushoto. Akaandika, kwa mwandiko wa kwenda upande, tatu juu ya nne, jumlisha moja juu ya sita. Lilikuwa swali jepesi, la kuamshia ubongo, ambalo alikuwa amelifundisha tangu kabla sijazaliwa.

Kisha akaandika jibu: nne juu ya kumi.

Alikuwa amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, kosa ambalo alikuwa akitufokea tukilifanya. Wengine walidhani anatutega, kwa sababu ilikuwa tabia yake. Mvulana wa mbele akanyoosha mkono, akitabasamu: "Mwalimu, hiyo si sahihi. Hujatafuta kigawe kidogo cha shirika."

"Kweli," baba akasema. Akafuta. Akasimama akiutazama ubao, kisha akaandika tena, taratibu, nne juu ya kumi.

Hapo kikatoka kicheko nyuma. Sidhani kilikuwa cha ubaya. Watoto hucheka wakiogopa. Baba akageuka. Akawatazama, kisha akanitazama mimi, na mpaka leo sijapata kuona mtu mzima akiniangalia vile, kama mtu aliyeamka kwenye nyumba asiyoifahamu. Akanyoosha chaki kwangu.

"Njoo umalizie."

Nikaenda. Nikaandika kumi na mbili chini, tisa na mbili juu, kumi na moja juu ya kumi na mbili. Nilionyesha nilikopita. Aliufuata kila mstari kwa macho. Nilipomaliza akasema, "Asante," sauti ya chini, akaketi kwenye benchi la mbele pamoja na wanafunzi. Nikafundisha mpaka muda ulipoisha, maana hapakuwa na mtu mwingine.

Tukirudi nyumbani, nusu ya njia akataka kupumzika, tukakaa kwenye ukingo wa saruji.

"Mama," akaniita, ndivyo alivyoniita siku zote. "Saba naiona. Najua ile ni saba, naijua kwa sura. Lakini haizidi sita. Zote zimekuwa sawa. Hakuna kubwa, hakuna ndogo."

Nikamwambia atapona.

Daktari hakushangaa. Alimwambia mama kwamba ubongo una sehemu zake, na ile inayopima wingi ndiyo iliyoumia. Maneno yapo kwingine, ndiyo maana anaongea vizuri. Mama akauliza kama kuna dawa. Daktari akasema kuna mazoezi. Mfanyisheni hesabu ndogondogo kila siku, labda itarudi, labda haitarudi. Akaandika tarehe ya kurudi kliniki kwenye kadi, akampa baba mkononi. Baba akaipokea kwa adabu, akaisoma kichwa chini, akanipa mimi.

Basi tukaanza. Nilikusanya vizibo vya soda kwa mama mmoja mwenye genge la chipsi, nikavisugua, nikaviweka mezani. Baba alipoviona akavisukuma vikamwagika.

"Vizibo ni vya darasa la kwanza!"

Nikaviokota, nikavirudisha kwenye kopo, nikaliweka juu ya kabati. Siku zikapita, kila mtu akifanya kama halioni. Kisha asubuhi moja, bila kunitazama, akasema, "Lete lile kopo." Tukahesabu. Rundo hili na rundo lile, lipi kubwa? Kwa macho alijua, maana rundo lilikuwa refu. Nikimwandikia namba zake kwenye karatasi, alipotea. Alikuwa anatokwa jasho kama mtu anayebeba gunia. Alifika kumi. Kwa taabu akafika ishirini. Kesho yake ishirini ilikuwa imeondoka na ikabidi tuitafute upya.

Yule rafiki yangu wa Kihindi aliendelea kuja. Wengine walihamia tuisheni nyingine mmoja baada ya mwingine, na siwalaumu, mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia. Yeye alishushwa na baba yake Jumamosi asubuhi mlangoni kwetu Ilala, na bakuli la kachori kutoka kwa bibi yake. Alimwamkia baba vilevile kama zamani, akatoa daftari, tukafanya mazoezi sisi wawili huku baba akisikiliza. Hata yeye haikudumu. Alikuja mara ya mwisho akasimama kwenye korido bila kuvua viatu. "Baba amenitafutia mwalimu mwingine. Nimelia lakini amekataa," akaniambia. Baba alikuwa amesikia. Akamwita ndani, akamwambia afanye vizuri na asikimbilie jibu.

Baada ya hapo nilijisomea peke yangu, kwa sauti, ili asikie. Makadirio, uwiano, asilimia, vipeo. Jioni moja nilikuwa kwenye kukadiria desimali, nikafika mahali nikababaika, nikaweka jibu lolote nisonge mbele. Baba alikuwa amelala upande, ameelekea ukutani.

"Rudia hapo," akasema.

"Nimekosea?"

"Sijui kama umekosea. Umebahatisha."

Nikarudia. Nilikuwa nimekosea. Tangu hapo tukawa hivyo. Hakujua tena ukubwa wa namba yoyote niliyoitaja, lakini sauti yangu aliijua, na pale niliporuka hatua aliisikia. Alinirudisha mara nyingi kwa jioni moja, na mara zote alikuwa na haki. Nilipomwambia mama, alicheka kidogo, kisha akaenda uani na hakurudi kwa muda.

Baba mkubwa alikuja Jumapili moja baada ya ibada. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyesimamia mambo ya hospitali, na yeye, mzee mzima, alikuwa amelala sakafuni wodini siku za mwanzo. Aliketi, akazungusha kikombe cha chai bila kukinywa.

"Shemeji," akamwambia mama, "mzigo umekuja na sina pa kuuweka. Kile chumba nitakitumia."

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Na huyu, mimi naona akapumzike nyumbani Kilimanjaro. Kule kuna hewa. Kuna watu wa kumwangalia. Hapa mjini ataangaliwa na nani, wewe uko sokoni, mtoto yuko shule?"

"Mimi nipo hapa," baba akasema.

"Najua upo, mdogo wangu."

"Hujui. Unaongea kama nimeshazikwa. Nimesahau hesabu. Sijasahau kuongea."

Baba mkubwa akaweka kikombe chini, akafunika uso kwa viganja. Alikaa hivyo, mabega yakimtikisika, mpaka baba akanyoosha ule mkono wake mzima akamshika goti. Baba hakwenda Kilimanjaro. Lakini chumba kilichukuliwa. Nilipita wiki iliyofuata kuchukua madaftari yaliyobaki, nikakuta maboksi ya sahani yamepangwa kutoka sakafuni hadi darini, yameegemea ubao. Juu kabisa pembeni kulionekana alama ya chaki yetu, mstari wa sehemu bila namba.

Mtihani wa majaribio ulirudi kabla ya ule wa taifa. Nilipata themanini na nne, nikawa wa kwanza darasani. Nilikimbia kutoka shuleni, nikaingia na karatasi mkononi.

"Baba, themanini na nne!"

Akaniangalia. Nikaona anaitafuta, anaigeuza, haishikiki.

"Ni nyingi?" akauliza.

"Ni nyingi, baba."

Akamgeukia mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasoma uso wake. Ndipo akatabasamu, tabasamu la upande mmoja. "Hongera, mama. Hongera sana." Nikatoka nikaenda kukaa chooni, maana ndicho chumba pekee cha nyumba ile chenye komeo.

Alipatwa tena na kiharusi wakati wa masika, nikiwa kidato cha tatu. Nilikuwa shuleni. Nilirudi nikakuta viatu vya watu wengi vimejaa kwenye korido, vimelowa, na mama ameketi chini katikati ya wanawake, kanga imemwanguka begani. Tulimpeleka kuzikwa kwao. Mvua ilitufuata njia nzima, na kaburini udongo ulikuwa mzito kiasi kwamba vijana walipokezana majembe haraka haraka. Wanafunzi wake wa zamani wachache walikuwa wamesafiri. Mmoja ndiye yule mvulana wa mbele aliyenyoosha mkono siku ile. Alinipa mkono, akaomba radhi. Nikamwambia asijali, alikuwa amesema kweli.

Nilifaulu kidato cha nne, na hesabu nilipata alama ya juu. Kidato cha tano nikachagua historia, Kiswahili na Kiingereza. Mkuu wa shule akaniita ofisini kuniuliza kama nimejaza fomu kwa makosa, alama kama zangu zinatafutwa. Nikamwambia sijakosea, nimechoka. Akanitazama juu ya miwani. Akagonga muhuri.

Nilipitia Mchikichini kumweleza mama. Alikuwa anapanga viatu, kila kimoja akikitafutia mwenzake.

"Sawa," akasema. Akanisogezea kigoda. "Kaa basi, unishikie hivi."