Maji ya Kwapani

Daktari alinieleza kwamba titi langu lenye saratani na tezi za kwapani vingetolewa kwa kisu kipya, kinachotetemeka na kuziba mishipa papo hapo kinapokata. Wenzangu wodini walikatwa kwa kile cha umeme, kinachounguza. Alitaka kujua kipi kinaacha majimaji machache, kwa hiyo kila mmoja wetu alitoka na mrija ubavuni, umeingia kwenye chupa, na kila asubuhi muuguzi alipita kupima. Daktari alionya kwamba maji yakibaki ndani, kidonda kitaoza na mkono utakakamaa. Mimi nilichotaka ni huo mkono tu. Bila huo, zabibu zangu za Makutupora angezipogoa nani?

Sasa, kwa sisi Wagogo wa umri wangu, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani ovyo. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Na mkwe wangu akaleta habari kwamba atakuja kuniona asubuhi, kabla ya muuguzi. Nikaitazama chupa ile, maji mekundu yaliyotoka pale lilipokuwa titi langu, nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikamwomba mdogo wangu, aliyekuwa akiniuguza, akaimwage chooni.

Mkwe alisimama mlangoni, akaisalimia sakafu, akaaga. Mtu mwenye adabu zake, akawa anakuja kila asubuhi. Na kila asubuhi chupa ilimwagwa.

Daktari alifurahi kweli. Alisema kisu kipya kimeshinda, maji yangu yamekauka mapema kuliko ya wenzangu wote, akautoa mrija mbele ya wanafunzi wake. Nilifungua mdomo. Nikawaona wale vijana wa kiume wamenizunguka, nikaufunga.

Nyumbani kwapa likavimba, homa ikanipanda, vidole vikakataa kukunjika. Mwenye pikipiki pale kwetu ni mmoja tu, mkwe. Nikapanda nyuma yake, nikamshika kiuno, mimi mama mkwe wake. Njiani kidonda kikaachia, maji yakamlowesha mgongo. Hakugeuka.

"Shika vizuri, mama," alisema tu.

Daktari alishangaa, akauliza maji yote haya yalikuwa wapi siku zile za kupima. Mkwe alikuwa amesimama pale pale, shati limemganda.

"Tulikuwa tunayamwaga," nilisema. "Ili huyu asiyaone."