Clemens Aliliwa Akiwa Hai

Watu wanasema Cornelia wa Kasense ana roho ya jiwe. Waache waseme. Wao waume zao hawajaliliwa wakiwa wanapumua.

Aliyemfanyia hivyo ni Felisiani, katibu wa jumuiya. Mvivu wa kuzaliwa, yule. Kazi ya katibu ni kupita nyumba kwa nyumba: sala iko kwa nani, nani anaumwa, nani kafiwa. Yeye miguu ilichoka mapema, akafungua kundi la simu. Na kuandika nako kukamchosha. Mwisho akaja siku ya sala na kitu kipya ndani ya simu yake, akaiinua mbele ya watu kama padri anayeinua Ekaristi.

"Huyu ni wakala, wa akili mnemba. Namwambia kwa mdomo, anaandika. Saa ikifika anatuma mwenyewe. Mimi niko shambani, yeye anawatangazia."

"Mawakala ninaowajua mimi," Cornelia akasema, "ni wale wa kutolea hela stendi. Na wale nao ukikosea namba, umeumia."

Watu wakacheka. Felisiani akacheka kuliko wote.

Haukupita muda Clemens, mume wa Cornelia, akalazwa mjini. Kifua kilimbana mpaka akawa anapumzika katikati ya neno. Alimwomba mkewe kitu kimoja tu: "Usiniache nife na wageni."

"Niende wapi sasa?" Cornelia akamjibu. Akatandika khanga chini ya kitanda. Manesi wakimfukuza, anarudi.

Jioni moja Felisiani akaja kumwona mgonjwa. Alipotoka, akasimama koridoni akaisogeza simu mdomoni. "Mzee Clemens hatufiki naye asubuhi. Andaa tangazo la msiba."

Sasa huku kwetu mtu akisema hatufiki naye asubuhi, maana yake hali ni mbaya, tuombe. Wangapi wamesemwa hivyo na leo wanavuna mahindi! Lakini mashine haikuzaliwa Ufipa. Ilisikia asubuhi, ikashika asubuhi. Kulipokucha ikatuma kwa jumuiya nzima: Tumsifu Yesu Kristo, mzee wetu Clemens amefariki, msiba uko nyumbani kwake.

Jirani yake Cornelia, Marsiana, akampigia simu analia. "Dada, pole."

"Pole ya nini?"

"Ya shemeji."

Cornelia akamtazama shemeji huyo. "Anakunywa uji hapa."

"Dada, watu wamejaa! Wanaume wameshika sululu, wanauliza kaburi lichimbwe wapi. Nawaambia wangoje, wananiona mwehu. Njoo mwenyewe."

Angefanyaje? Kaburi likishafunguliwa halifukiwi tupu, litatafuta mtu. Akamdanganya mumewe kwamba anafuata nguo za kubadilisha. Clemens akamwangalia tu. "Usikawie," akasema.

Bodaboda ikamfikisha Kasense, akakuta udongo umeshaguswa. Hakusalimia. Alimpokonya wa kwanza sululu. "Nendeni mkachimbe kwenu! Mama zenu wamekufa wote?" Aliwatimua waliokuwa wanalia na waliokuwa wanakula. Alikuwa bado anakunja mikeka simu ilipoita kutoka wodini.

Clemens amekufa. Na wageni.

Tangazo likatumwa tena, maneno yaleyale. Watu wakasema, hee, mashine imeanza tena, wakaendelea na majembe yao. Waliokuja kuzika walikuwa wachache, na mvua ikawafukuza hao kabla msalaba haujasimama vizuri.

Cornelia akamfuata Felisiani kwake.

"Mama, mimi nilisema andaa, sikusema tuma. Ni mfumo huo."

"Aliyesema hamfiki naye asubuhi ni nani? Mfumo una mdomo?"

"Ni mfumo, mama."

Hakudai mbuzi, hakudai chochote. Alitaka Felisiani asimame kwenye jumuiya aseme nimekosa, basi. Felisiani akakataa. Atakuwa katibu gani, alisema, akijidhalilisha kwa kosa la simu? Wazee wakamgeukia Cornelia: samehe, mama, Mkristo husamehe. Akawauliza, "Nimsamehe nani? Simu?"

Mwaka uliofuata wakala yule akatuma salamu za kuzaliwa: Hongera mzee wetu Clemens, Mungu akuzidishie miaka. Wengine wakajibu amina bila kusoma. Tangu siku hiyo Cornelia hakukanyaga sala ya jumuiya.

Basi mwaka huu, wakati wa palizi, Rosina, mama yake Felisiani, akafariki. Mashine ikatangaza. Nani aamini? Wengi walishalinyamazisha kundi zamani. Mchana ukafika, uwanja wa mfiwa una kuku na shangazi wawili. Ikabidi bwana katibu atembee, mlango kwa mlango. Akafika kwa Cornelia viatu vimejaa matope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama amefariki."

"Amefariki, au unaandaa?"

"Amefariki kweli. Nimemfumba macho mwenyewe."

"Ulikuwepo?"

"Nilimshika mkono mpaka mwisho."

Akasikia mwenyewe alichosema. Akapiga magoti palepale mlangoni, mtu mzima. "Mama, nimekosa. Sio mfumo. Ni mdomo wangu. Nitasema hata mbele ya watu wote."

Neno lenyewe hilo. Miaka yote Cornelia alilala akiliota, akiamini likija litamfungua kitu kifuani. Likaja. Akangoja. Hakuna kilichofunguka. Clemens alikuwa kaburini vilevile, na manesi walimwambia alikufa akiangalia mlango.

"Nimesikia," akasema.

"Utakuja, mama?"

"Siku ya Clemens wangu mlikuwa mnalima."

Huku kwetu siku ya msiba jembe halishikwi, hata mlevi analijua hilo. Cornelia akachukua jembe lake, akaliweka begani, akapita njia ya mbele ya nyumba ya Rosina, shangazi wakimtumbulia macho, mpaka kwenye mahindi yake. Akapalilia. Hakusikia nafuu yoyote, na hakuna aliyemwita arudi.